Mwalimu wa Glasgow na Nuru Iliyogeuka

Huenda wadhani, msomaji, ya kuwa siri za maumbile hufumbuliwa na wenye mali na mitambo mikubwa peke yao, wala si na mtu afundishaye katika chuo cha ualimu, kama sisi wa hapa Kenyenya. Sikiliza basi habari za John Kerr.

Kerr alianza kufundisha hesabu katika chuo cha ualimu mjini Glasgow, nchini Uskoti, mwaka 1857. Vyombo vyake vilikuwa vichache, lakini hakuacha kuichunguza nuru. Aliichuja hata mawimbi yake yakatetemeka upande mmoja tu, kisha akaimulikisha juu ya ncha ya sumaku iliyosuguliwa ikang'aa kama kioo. Nuru iliporudi, mtetemo wake ulikuwa umegeuka kidogo. Mwaka 1877 alichapisha habari hiyo: nuru yaweza kuipeleleza sumaku bila ya kuigusa.

Mwaka 1925 Uhlenbeck na Goudsmit, vijana wa Uholanzi, walieleza kwamba kila elektroni ina spini, yaani ni mfano wa sumaku ndogo mno. Mwaka 1971 Dyakonov na Perel, wa Leningrad, walitabiri kwamba umeme upitapo katika semikondakta, elektroni zenye spini ya kuelekea juu zitakusanyika ukingo mmoja, na zenye kuelekea chini ukingo wa pili. Lakini nani angeziona?

Mwaka 2004, huko Santa Barbara, Marekani, Kato, Myers, Gossard na Awschalom waliitumia njia ya Kerr. Waliitia semikondakta katika baridi ya nyuzi 243 chini ya sifuri, kwa maana joto huzivuruga spini upesi. Wakaipitishia umeme, wakaipima kwa hadubini na nuru ya leza, doa baada ya doa. Nuru iliyorudi kutoka ukingo mmoja iligeuka huku. Ya ukingo wa pili ikageuka kule. Utabiri ukathibitika.

Kerr alikuwa amefariki tangu mwaka 1907, wala hakupata kulisikia neno spini. Yeye alikuwa ameona kweli moja ndogo, akaipima kwa uaminifu, akaiandika. Basi nawe, msomaji, upimapo jambo katika maabara ya shule yako, usilidharau kwa udogo wake. Liandike sawasawa, huenda yupo asiyezaliwa bado atakayelihitaji.