Printa Moja, Kompyuta Nne: Vile Utaunganisha Saiba Yako ya Muhuru Bay

Uko na saiba Muhuru Bay, kompyuta nne, printa moja. Saa nne asubuhi dada ameketi kwa mashine ya tatu, amemaliza fomu ya HELB, anataka kuprinti. Printa iko na waya kwa mashine ya kwanza, na hapo kuna mzae anapambana na KRA, nenosiri limekataa mara tatu. Unafanya nini? Unatoa flashi. "Samahani mzae, dakika moja tu," unamsongesha, unachomeka flashi, na kama mashine ya tatu ilikuwa na virusi, sasa ziko mbili. Wasee wa BMU wako mlangoni na rejista yao, na gari ya Migori haingoji mtu.

Hii mambo ya kuhamahama na flashi inakula siku yako yote. Na si lazima ununue printa nne, hiyo ganji nunulia wino na karatasi.

Kwanza tutoe hii kwa njia: kushea printa haihitaji intaneti. Ruta yako inaunda mtandao wa ndani, mashine zinaongea zenyewe kwa zenyewe hapo hapo chumbani. Bando zikiisha, au netiweki ikipotea, karatasi zitaendelea kutoka bora tu ruta iko na stima.

Wengi huanza na njia ya USB. Printa inabaki na waya kwa kompyuta moja, halafu hiyo kompyuta inaigawia zingine. Kwa Windows, fungua "Printer properties" ya hiyo printa, ingia "Sharing", weka tiki kwa "Share this printer" na uipe jina fupi bila nafasi, tuseme OFISI. Cheki pia mtandao umewekwa "Private" kwa mashine zote, juu ukiacha "Public" Windows inaficha mashine isionekane na zingine. Sasa nenda kwa kompyuta nyingine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika \\KOMPYUTA1\OFISI (weka jina halisi la mashine yako). Ikikuuliza jina na nenosiri, inataka la akaunti iliyo kwa KOMPYUTA1. Na ikitaka ruhusa ya msimamizi ndo iweke draiva, usishtuke. Microsoft ilikaza hapo mwaka wa 2021 baada ya shimo lililoitwa PrintNightmare kupatikana kwa mfumo wa kuprinti.

Mwaka huo huo, Septemba, sasisho lingine lilifanya printa nyingi za kushea zigome na namba 0x0000011b. Ukiipata, sasisha mashine zote, hasa ile iliyoshika printa. Utaona video za kukuonyesha jinsi ya kuzima huo ulinzi. Inafanya kazi, ndio, lakini unafungua mlango ambao sasisho lilikuja kufunga.

Shida kubwa ya hii njia iko kwingine. KOMPYUTA1 ikizimwa, ikilala, ama mteja aikwamishe, saiba nzima imekwama. Ndio maana mimi naitumia tu kama printa ni ya USB pekee na mfuko haujakaa sawa.

Kama printa yako iko na tundu la waya wa mtandao ama waifai, iunganishe moja kwa moja na ruta. Hapo hakuna mashine inayokuwa boss. Ukiweza tumia waya, haiyumbi kama waifai. Lakini kuna hatua moja watu huruka, halafu baada ya wiki wanakuambia printa imeharibika, na haijaharibika.

Hiyo hatua ni anwani. Ruta hugawa anwani kama kondakta anagawa viti: leo uko dirishani, kesho uko nyuma kabisa. Leo printa ni 192.168.1.104, stima inapotea, inarudi, sasa ni 192.168.1.107. Kompyuta zako bado zinabisha mlango wa zamani na Windows inasema printa haiko. Kwa hivyo chapisha ukurasa wa mipangilio kutoka kwa printa yenyewe, usome anwani yake ya MAC, kisha ingia kwa ruta utafute "Address Reservation" ama kitu kama hicho. Ipe namba moja ya kudumu, tuseme 192.168.1.50. Halafu kwa kila kompyuta ongeza printa kwa kuandika hiyo namba, usiiache Windows iitafute yenyewe. Dakika kumi za kazi, na umemaliza ngori ya miezi.

Una printa ya zamani ya USB na hutaki kuifunga kwa kompyuta? Kuna ruta zenye tundu la USB, na pia Raspberry Pi yenye programu ya CUPS inaweza kuishika. Ila printa nyingi za bei ya chini hutegemea draiva ya Windows kufikiria kila kitu, so uliza kabla utoe doh.

Sasa usalama, na hapa usicheze. Novemba 2018 jamaa aliyejiita TheHackerGiraffe alituma karatasi za kumpigia debe PewDiePie kwa printa kama 50,000 duniani. Zilikuwa zimeachwa wazi kwa intaneti, mlango namba 9100, huo huo printa yako hutumia kupokea kazi ndani ya saiba. Usiufungue kwa ruta. Badilisha nenosiri la ukurasa wa printa. Na kama unauzia wateja waifai, wape mtandao wao wa wageni, la sivyo msee wa nje na simu yake anaweza kukumalizia rimu ya karatasi.

Kuna pia karatasi zenyewe. Mashine zote zikitupa kazi mahali pamoja, kopi ya kitambulisho cha mtu inatoka wakati mwingine ndio amesimama hapo. Weka printa nyuma ya kaunta, wewe ndo unapeana. Hakikisha pia "Keep printed documents" haina tiki, juu ikiwa nayo kila fomu inabaki kwa mashine. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na hizo ni siri za wateja wako.

Kazi ikikwama kwa foleni, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net stop spooler, futa kilicho ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha net start spooler.

Na stima: printa ya leza usiichomeke kwa UPS ndogo. Ikipasha joto inavuta umeme mwingi ghafla na UPS inaweza kuzima. UPS iachie ruta na kompyuta.

Ukimaliza kuseti, zima kila kitu, hata ruta. Washa tena, kisha toa karatasi moja kutoka kwa kila mashine huku zingine zimezimwa. Zikitoka zote nne, ficha flashi kwa droo.