Nani Alibaki Kufunga Vitabu? Wahasibu Wasaidizi Baada ya Azimio la Arusha

Wanafunzi wangu hupenda kulijadili Azimio la Arusha kama suala la itikadi tupu. Mimi huwauliza swali la kikarani: benki zilipotaifishwa mwezi Februari 1967, nani alibaki kufunga vitabu vya hesabu?

Utawala wa Kiingereza Tanganyika ulimpangia Mwafrika ukarani, na juu ya ukarani ukaweka dari. Makarani hao hawakuwa watu wa kudharauliwa; mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Lakini sifa kamili ya uhasibu ilipatikana kwa taasisi za Uingereza: mitihani ya huko, ada za huko, na mafunzo chini ya mhasibu aliyekwisha kutambuliwa. Mtoto wa mkulima wa Kondoa angeanzia wapi? Uhuru ulipofika, tulirithi makarani wengi na wahasibu wazalendo wachache mno.

Utaifishaji uliligeuza pengo hilo kuwa hatari. Mashirika ya umma yaliongezeka upesi kuliko watu wa kuyatunzia hesabu. Mwaka 1968 liliundwa Shirika la Ukaguzi wa Hesabu, lakini mkaguzi hawezi kukagua hesabu ambazo hazijaandikwa. Nchi ilihitaji watu wa katikati: wa kujaza daftari la fedha kila siku, kulinganisha salio na taarifa ya benki, kuandaa urari mwisho wa mwezi. (Wanahistoria wetu, nami nikiwamo, tumeandika mengi kuhusu mameneja na mawaziri, machache sana kuhusu watu hawa.)

Ndiyo maana naupa uzito mwaka 1972. Sheria Na. 33 ya mwaka huo iliunda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Mwaka huohuo kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Taaluma ikapata usajili wake nchini na, kadiri muda ulivyokwenda, mitihani yake yenye ngazi. Chini ya CPA ikawekwa ngazi ya wahasibu wasaidizi, tunayoijua kwa kifupisho ATEC.

Wasomi wa vyuo vikuu huidharau ngazi hii. Sikubaliani nao. Mwenye cheti cha kidato cha nne anaweza kuingia hatua ya kwanza, akapanda ya pili, kisha akaifikia mitihani ya CPA bila kupita chuo kikuu. Karani wa halmashauri anaweza kusoma jioni, mshahara ukiendelea. Udaktari haumpi mtu njia kama hiyo, wala uanasheria.

Kinachonisumbua ni lugha. Mitihani hii hufanywa kwa Kiingereza. Kijana anaweza kukueleza barabara kwa nini urari haukubali, kisha akaanguka kwa sababu ya sentensi. Nao msamiati tunao tangu zamani: leja, mizania, stakabadhi, hati ya malipo. Mapato na matumizi ya kijiji husomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu, na wanakijiji wasio na cheti chochote huyahoji kwa ukali. Sijasikia bado hoja ya kunishawishi kwamba anayeziandaa hesabu hizo hawezi kutahiniwa kwa lugha hiyohiyo, walau katika hatua ile ya kwanza.