Jamii ya Kikabaila ya Japani: Iliiga China au Ilijijenga Yenyewe?

Mwanafunzi anayeanza kusoma historia ya Japani hukutana mapema na kauli mbili zinazopingana. Ya kwanza husema kwamba karibu kila kitu cha Japani ya kale kilitoka China: maandishi, dini, sheria, hata ramani za miji. Ya pili husema kwamba ukabaila wa Japani, pamoja na samurai wake, ulikuwa jambo la pekee lisilodaiwa na mtu yeyote. Katika insha hii nitaonyesha kwamba kauli zote mbili zina upungufu. Hoja yangu ni kwamba ukabaila huo ulizaliwa pale mfumo wa utawala uliokopwa China ulipodhoofika, na baadaye ukatumia mafundisho ya China hiyohiyo kujihalalisha.

Kwanza tuutazame mkopo wenyewe. Maandishi ya Kichina na dini ya Ubudha vilifika Japani kupitia Korea. Mwaka 607 Japani ilituma ujumbe kwa nasaba ya Sui, na kuanzia 630 kwa nasaba ya Tang. Wajumbe waliandamana na watawa na wanafunzi, na baadhi yao walikaa China miaka mingi. Matunda ya safari hizo yalionekana katika mageuzi ya Taika ya mwaka 645 na Sheria za Taiho za mwaka 701. Mwaka 710 mji mkuu ulihamishiwa Nara, mji ambao barabara zake zilikatana kama mistari ya ubao wa drafti, kwa mfano wa Chang'an, mji mkuu wa Tang.

Hata hivyo, Wajapani hawakuchukua kila kitu. Nchini China iliaminika kwamba Mbingu humpa mfalme idhini ya kutawala na inaweza kumnyang'anya akitawala vibaya. Japani iliiacha imani hiyo, kwa kuwa mfalme wake alihesabiwa kuwa mzao wa mungu wa kike Amaterasu. Vilevile, ingawa ilianzishwa shule ya kufundisha maofisa wa serikali, vyeo vikubwa viliendelea kutolewa kwa kufuata ukoo. Kwa hiyo nguvu ya koo kubwa ilibaki ndani ya serikali iliyovaa mavazi ya Kichina.

Ninaona kwamba ufa mkubwa ulianzia kwenye ardhi. Kwa mujibu wa sheria mpya, mashamba ya mpunga yalikuwa mali ya dola. Kila mtu aliyetimiza miaka sita alipewa fungu lake, na alipofariki shamba lilirudi serikalini. Lakini mwaka 743 serikali, ikitaka mashamba mapya yafunguliwe, iliruhusu aliyefungua ardhi mpya aimiliki daima. Wenye uwezo wa kufanya hivyo walikuwa hasa koo kubwa na mahekalu. Polepole yakatokea mashamba makubwa yaliyoitwa shoen, na mengi yao yakapata msamaha wa kodi. Wenye ardhi ndogo nao wakaikabidhi kwa wakubwa ili wapate kinga. Hazina ya dola ikapungua.

Wakati huohuo, mwaka 792, utaratibu wa kuwaandikisha wakulima jeshini ulifutwa katika majimbo mengi. Ulinzi wa mikoani ukawa mikononi mwa watu wenye farasi na pinde zao wenyewe. Hao ndio chimbuko la samurai. Mwaka 1185 ukoo wa Minamoto uliushinda ukoo wa Taira, na mwaka 1192 Minamoto no Yoritomo akapewa cheo cha shogun. Kutoka Kamakura aliwapa wafuasi wake haki ya kusimamia mashamba, nao wakamlipa kwa utumishi wa vita. Mfalme alibaki Kyoto, lakini upanga ulikuwa kwingine.

Mwaka 1232 Hojo Yasutoki alitoa sheria ya vifungu 51 kwa ajili ya mashujaa hao. Katika barua kwa ndugu yake alieleza kwamba aliwaandikia watu wasiojua maandishi ya Kichina. Kwangu huu ni ushahidi mzito: tabaka jipya lilihitaji sheria itokayo katika desturi zake.

Je, China ilisahauliwa? Hapana. Mtawa Eisai alirudi kutoka China mwaka 1191 na mafundisho ya Zen, na sarafu za Kichina zilitumika sokoni. Ila mfano ulio wazi zaidi ni wa enzi ya Tokugawa, iliyoanza 1603. Wasomi kama Hayashi Razan walieneza mafundisho ya Zhu Xi, mfuasi wa Confucius. Jamii iligawanywa kwa maneno katika tabaka nne: shi, wakulima, mafundi na wafanyabiashara. Nchini China, herufi ya shi ilimaanisha msomi. Nchini Japani herufi hiyohiyo ilisomwa kuwa ni samurai. Mtu wa kalamu alitolewa kitini, akakalishwa mtu wa upanga, na kiti hakikubadilishwa jina. Zaidi ya hayo, wafanyabiashara waliowekwa chini kabisa ndio waliowakopesha fedha samurai wengi. Mpangilio ule, basi, ulieleza matakwa ya watawala kuliko hali halisi.

Kwa kuhitimisha, kuorodhesha yaliyotoka China hakutoshi kuieleza Japani. Ninawaomba wanafunzi wenzangu tuulize pia ni nani aliyeyapokea, aliyatumia kwa faida ya nani, na aliacha nini mlangoni. Tukifanya hivyo, tutaona kwamba kukopa na kujijenga si mambo yanayopingana. Makabaila wa Japani waliyafanya yote mawili, na walichokopa walikigeuza kiwatumikie wao.