Kisomo cha Watu Wazima na Suala la "Cheti Kilicho Sawa": Historia Fupi ya Nakawa

Inapozungumzwa elimu ya watu wazima katika Afrika Mashariki, mifano mingi hutolewa Tanzania. Wasomaji wetu wanakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwamba kisomo kiliendeshwa kwa Kiswahili nchi nzima. Historia ya Uganda haijulikani sana miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili. Makala haya yanaitazama historia hiyo kupitia sehemu moja tu ya Kampala, yaani Tarafa ya Nakawa, na yanajibu swali moja: mtu mzima aliyekosa shule utotoni anapitia njia gani hadi apate cheti kinachokubalika kuwa sawa na cha sekondari?

Kusoma kabla ya vyeti

Kisomo cha kwanza nchini Buganda kilikuwa cha watu wazima na vijana wa ikulu. Kabla ya wamisionari, wafanyabiashara kutoka pwani walikwisha kuleta Uislamu, maandishi ya Kiarabu na lugha ya Kiswahili katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Wamisionari wa Kianglikana walipofika mwaka 1877, na wa Kikatoliki mwaka 1879, walianza kufundisha kwa kutumia maandiko ya Kiswahili kabla ya kupata ya Kiganda. Waumini wa mwanzo waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na hadi leo neno okusoma katika Kiganda lina maana ya kusoma na pia ya kusali. Wakati huo aliyejua kusoma hakuulizwa cheti. Heshima yake ilitokana na kitabu alichoweza kukifungua mbele ya watu.

Mambo yalibadilika shule zilipokuwa njia ya kupata ajira ya serikali, kwani hapo karatasi ikawa na uzito kuliko ujuzi wenyewe. Chuo cha Makerere kilianzisha idara ya masomo ya nje ya chuo mwaka 1953 ili kuwafikia watu wazima. Mwaka 1964, baada ya uhuru, serikali ilianzisha kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika, lakini kazi hiyo ilidhoofika sana katika misukosuko ya miaka ya 1970.

Mitaa ya wafanyakazi na lugha yao

Nakawa yenyewe ilikuwa mtaa wa wafanyakazi. Nyumba za Nakawa na Naguru zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini, na wengi wao hawakuwa Waganda. Walikuwamo Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya pamoja na watu wa kaskazini na mashariki mwa Uganda. Mwanaanthropolojia David Parkin alifanya utafiti katika mitaa hiyo miwili mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969, na makala yake kuhusu uchaguzi wa lugha katika mitaa hiyo ilichapishwa mwaka 1971 katika mkusanyiko uliohaririwa na W. H. Whiteley. Wanafunzi wa isimujamii wanashauriwa waisome. Inaonyesha jinsi majirani wa makabila mbalimbali walivyochagua kati ya Kiswahili, Kiganda na Kiingereza kulingana na mtu waliyezungumza naye na hadhi waliyoitaka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiswahili, ambacho kilikuwa lugha ya ujirani na ya kazi, hakikuwa lugha ya cheti. Aliyetaka kupanda cheo alihitaji Kiingereza. Wafanyakazi wengi wa Kenya waliondoka baada ya amri ya serikali ya mwaka 1970, na nyumba za mitaa hiyo zilibomolewa mwaka 2011. Pengo kati ya lugha ya maisha na lugha ya mtihani halikubomolewa pamoja nazo.

Ngazi iliyokosa kidato

Mwaka 1992 serikali ilianza upya mpango wa kisomo chenye manufaa kwa majaribio katika wilaya 8, kisha ukaenezwa nchini. Mpango huo ulikuwa chini ya wizara inayoshughulikia jinsia, kazi na maendeleo ya jamii, wala haukuwa chini ya Wizara ya Elimu. Madarasa yalitumia lugha za wenyeji na kufundisha mambo ya kilimo, afya na biashara ndogondogo. Faida yake ilikuwa kubwa, hasa kwa wanawake. Hata hivyo, mhitimu wa kisomo hakuwa na njia iliyonyooka ya kuendelea. Akitaka cheti kinachotambulika, ilimbidi afanye mtihani uleule wa watoto wa darasa la saba, kisha wa kidato cha nne, kisha wa kidato cha sita, yote kwa Kiingereza.

Linganisha na nchi nyingine. Marekani ilianza mwaka 1942 kutoa mtihani wa usawa kwa askari ambao masomo yao yalikatizwa na vita. Tanzania ina Mtihani wa Maarifa, ambao humwezesha mtu asiyepitia kidato cha kwanza na cha pili kuufikia mtihani wa kidato cha nne. Uganda ilikuwa na mlango wa juu zaidi, yaani mtihani wa watu wazima wenye miaka 25 au zaidi wanaotaka kuingia chuo kikuu. Mlango huo ni mzuri, lakini uko juu ghorofani. Aliyetoka kisomo hana ngazi ya kuufikia.

Neno "sawa" lilipata nguvu ya kisheria katika Katiba ya mwaka 1995. Ibara ya 80 inamtaka mbunge awe amemaliza kidato cha sita au kiwango kilicho sawa nacho. Hapo Nakawa ikawa na umuhimu wa pekee, kwa kuwa Baraza la Taifa la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, lina makao Ntinda, na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililotokana na sheria ya mwaka 2001, liliweka ofisi zake Kyambogo. Zote ni sehemu za Nakawa. Sheria ya uchaguzi wa wabunge ya mwaka 2005 ililipa baraza hilo la pili kazi ya kutoa hati za usawa baada ya kushauriana na lile la kwanza. Kesi za uchaguzi kuhusu hati hizo zimefika hadi Mahakama ya Juu. Kwa hiyo mjadala wa taifa kuhusu usawa wa vyeti ulitawaliwa na wanasiasa, wala si na mama wa sokoni aliyemaliza kisomo.

Darasa la Luzira

Ushahidi kwamba mtu mzima anaweza kuipanda ngazi yote unapatikana humohumo Nakawa, katika gereza la Luzira. Wafungwa hufundishana na kufanya mitihani ya taifa ya msingi na sekondari, na Shule ya Biashara ya Makerere, iliyoanzishwa Nakawa mwaka 1997, imepeleka masomo yake gerezani. Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo mwaka 2002, alisoma humo hadi akafikia masomo ya sheria ya Chuo Kikuu cha London. Kesi yenye jina lake iliamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009, ikaondoa ulazima wa adhabu ya kifo. Alitoka gerezani mwaka 2016.

Lakini tusisahau kwamba mfungwa ana kitu ambacho mfanyakazi wa kawaida hana, nacho ni wakati. Mwuza mboga wa soko la Nakawa hawezi kukaa darasani miaka sita. Tena mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020 na kutahiniwa mara ya kwanza mwaka 2024, unahesabu pia tathmini endelevu inayofanywa shuleni. Ni mageuzi yenye nia njema, lakini yanamwacha mtahiniwa asiye na shule katika mashaka mapya.

Kwetu sisi walimu wa Kiswahili, historia hii ina funzo. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mipango hiyo inawalenga watoto. Mzazi anayeuza sokoni kwa Kiswahili kila siku hajatajwa. Iwapo siku moja Uganda itaunda mtihani wa usawa kwa watu wazima, somo la Kiswahili lingefaa liwemo tangu mwanzo, ili angalau karatasi moja imkute mtahiniwa akiwa na kitu anachokijua tayari.