Habari za Wino wa Buluu

Leo nataka kuwaeleza habari za wino wa buluu, ule wa chupa utumiwao kwa kalamu ya kujaza. Wanafunzi wa ualimu huniuliza mara nyingi: Je, wino huu wafaa kwa maandishi ya kila siku?

Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya kijijini, bati la ofisi lilitoboka wakati wa masika, maji yakaingia katika sanduku la vitabu. Daftari ya majina ya wanafunzi ikalowa yote. Tulipoianika tukaona ajabu. Kurasa alizoandika mwalimu aliyenitangulia, kwa wino wa buluu iliyoiva hata kukaribia weusi, zilisomeka zote. Kurasa zangu, nilizoandika kwa wino mzuri wa buluu ing'aayo, zilikuwa madoa matupu. Halikusalia jina hata moja. Baada ya miezi michache akaja mama mmoja kutaka tarehe aliyoingia mwanawe shuleni. Akasema, "Mwalimu, jina la mwanangu si uliliandika wewe mwenyewe mbele yangu?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama, niliandika." Sikuwa na neno jingine. Tangu siku ile nikaanza kutafuta habari za wino.

Hapo kale watu wa Misri na Uchina walitengeneza wino kwa masizi, maji na gundi. Jua haliyapaushi masizi. Ndiyo sababu maandishi ya Misri ya maelfu ya miaka yangali meusi. Lakini masizi hukaa juu ya karatasi, hayashikamani nayo sana, na mwenye kitambaa chenye maji aweza kuyafuta.

Katika Ulaya watu walitumia wino wa namna nyingine kwa karne nyingi. Mdudu mdogo wa jamii ya nyigu hutaga mayai katika mti wa mwaloni, na mti hufanya kinundu mahali pale. Ndani ya kinundu mna ukali kama ule wa magome ya mikoko yatumiwayo kutengenezea ngozi. Vinundu hivyo viliponda na kulowekwa, kisha yale maji yalichanganywa na chumvi ya chuma, na gundi ya mgunga ikatiwa. Wino huu ukiandikiwa huonekana hafifu kwanza. Halafu hewa huugeuza kuwa mweusi, kama vile hewa na maji vigeuzavyo jembe kuwa na kutu, nao hushika ndani ya karatasi yenyewe. Maji hayauondoi kwa urahisi. Walakini una ila yake: ni mkali, hula ncha za chuma za kalamu, na ukizidi ukali hula hata karatasi.

Mwaka 1832 Daktari Henry Stephens wa London alianzisha kazi ya kutengeneza wino. Wino uliomletea sifa ulikuwa wa buluu na nyeusi pamoja. Wino wa namna hii ni ule wa chuma uliotiwa rangi ya buluu, mfano wa nili, ili mwandishi aone mara moja aandikalo, asingoje weusi utokee. Bila shaka wino wa mwalimu yule aliyenitangulia ulikuwa wa ukoo huu.

Je, buluu yangu ing'aayo ilitoka wapi? Mwaka 1856, kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa vitu vitokavyo katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, alipata rangi ya zambarau nzuri mno. Baada yake wataalamu wengine wakapata rangi nyingi za namna ile, na buluu zikiwamo. Baadhi ya rangi hizi huyeyuka katika maji pasipo kuacha vumbi lolote.

Jambo hilo lilikuwa kubwa kwa sababu ya kalamu ya kujaza. Mwaka 1884 Lewis Waterman wa New York alipewa hataza ya kalamu yenye mifereji membamba, hewa ikiingia huku wino ukitoka. Masizi huziba mifereji ya namna hii, na wino wa chuma wenye ukali huiharibu. Wino wa rangi tupu hupita salama. Mwaka 1931 kampuni ya Parker ya Marekani ikatoa wino uitwao Quink, jina lililoungwa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "upesi" na "wino", kwa kuwa ulisifiwa kukauka upesi na kuisafisha kalamu.

Basi, tumeona ya kwamba kila wino ulitengenezwa ili kuondoa ila ya mwingine. Wino wa buluu wa kufulika umepewa upole: hauli kalamu, hauzibi, na ukimwagika juu ya kanzu au shati, sabuni na maji huuondoa. Lakini upole huo ndio ulionipotezea majina. Kitu kitokacho upesi katika nguo hutoka upesi katika karatasi pia.

Msikubali neno langu tu, wala neno lililoandikwa juu ya chupa. Jaribuni wenyewe. Andika mstari mmoja mara tatu juu ya karatasi ile utumiayo kila siku. Pitisha kidole juu ya mstari wa kwanza baada ya kuhesabu hata kumi, uone kama umekauka. Tazama pia nyuma ya karatasi, uone kama wino umepenya. Kata mstari wa pili, uuzamishe katika bakuli la maji kwa muda wa saa moja. Kata wa tatu, ufunike nusu yake kwa kitabu, na nusu uiache katika jua kwa majuma mawili. Kisha linganisha nusu mbili hizo.

Wino wa kawaida wa buluu ukishinda jaribio la kidole na la nyuma ya karatasi, wafaa sana kwa masomo, hesabu za majaribio na barua za salamu. Hapo sina neno nao. Lakini jina la mtoto, mpaka wa shamba, deni na wasia havitaki wino wa kufulika. Huko Uingereza na Wales waandikishaji wa ndoa walitumia wino wa chuma katika daftari zao mpaka mwaka 2021, utaratibu wa daftari hizo ulipobadilishwa.

Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa mpaka leo katika nyumba ya kumbukumbu huko Goa, Bara Hindi. Waandishi wake wamekwisha kufa zamani. Maneno yao yangalipo. Mama yule hakuomba zaidi ya hayo kwa mwanawe.

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nami nimejifunza ya kuwa daftari yenyewe hupotea, ikiandikwa kwa wino usioifaa. Kwaherini.