Kipaimara

Kipaimara ni sakramenti ya pili kati ya tatu ambazo Kanisa Katoliki huziita sakramenti za kuingizwa katika Ukristo. Hutanguliwa na Ubatizo na kufuatwa na Ekaristi. Kiini cha adhimisho lake ni kifupi. Askofu humwekea mwimarishwa mkono, humpaka krisma, yaani mafuta matakatifu, katika paji la uso, na kutamka maneno yanayotaja mhuri na paji la Roho Mtakatifu. Kilatini huiita *confirmatio*.

Neno la Kiswahili limeundwa na vipande vitatu: kiambishi *ki-*, kitenzi *-pa*, na kivumishi *imara*. Muundo huu unafanana na ule wa kipaza sauti, kifungua kinywa na kifungua mimba, ambapo *ki-* hutaja kile kinachotenda. Kwa mujibu wa sarufi, basi, kipaimara ni kitu kinachompa mtu uimara. Neno halitaji hali ya aliyekwisha kuimarika, wala halimtaji mtu anayejitia nguvu mwenyewe. Matumizi ya kila siku parokiani yanafuata mkondo huo: mtu *hupokea* kipaimara, *hupewa* kipaimara, *huimarishwa*, na vijana waliojiandaa huitwa waimarishwa, katika kauli ya kutendwa. Hakuna asemaye kwamba kijana fulani amejiimarisha Jumapili.

Hoja hii ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa kuwa mabishano makubwa kuhusu sakramenti hii yamekuwa juu ya nani anayetenda.

Katika karne za kwanza suala hilo halikuzuka. Askofu aliongoza ibada nzima, hasa usiku wa Pasaka: wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kuwa Wakristo, walibatizwa, wakapakwa mafuta, wakawekewa mikono na kushiriki meza ya Bwana kwa mfululizo. Wakristo walipoongezeka na kuenea vijijini, na watoto wachanga walipoanza kubatizwa kwa wingi, askofu hakuweza tena kufika kila mahali. Makanisa ya Mashariki yalimwachia padre ampake mtoto mafuta palepale baada ya Ubatizo, mradi mafuta hayo, yaitwayo *myron*, yawe yamewekwa wakfu na askofu mkuu au patriarki. Roma ilichagua njia nyingine. Mwaka 416 Papa Inosenti I alimwandikia Decentius, askofu wa Gubbio, kwamba mapadre wanaweza kumpaka mafuta aliyebatizwa, lakini alama ya paji la uso ni ya maaskofu peke yao. Msingi wake ulikuwa sura ya 8 ya Matendo ya Mitume, ambapo Petro na Yohane wanashuka Samaria kuwawekea mikono watu waliokwisha kubatizwa na Filipo.

Kwa uamuzi huo Magharibi ilibaki na pengo kati ya Ubatizo na mpako wa askofu, na tendo lililojitenga lilihitaji jina lake. Ni katika karne hiyohiyo ya 5, kwenye makanisa ya Gallia, yaani sehemu kubwa ya Ufaransa ya leo, ndipo *confirmatio* lilipoanza kushika nafasi ya istilahi. Mitaguso ya Riez (439) na Orange (441) ni miongoni mwa ushahidi wake wa mapema. Kitenzi *confirmare* kina sura mbili. Kinaweza kumaanisha kutia nguvu, kufanya kitu kisitikisike. Kinaweza pia kumaanisha kuidhinisha au kuthibitisha jambo lililokwisha kufanyika.

Sura ya pili ndiyo iliyoleta utata. Mtoto akibatizwa mchanga na kusubiri miaka kadhaa, ni rahisi kudhani kwamba sasa, akiwa na akili timamu, anakuja kuthibitisha ahadi ambazo wazazi na wasimamizi walimsemea. Katika karne ya 16 Wanamatengenezo walifundisha kitu kilicho karibu na hicho, na Mtaguso wa Trento ukakataa, Machi 1547, rai kwamba zamani tendo hili lilikuwa namna tu ya katekesi ambayo vijana waliitumia kueleza imani yao mbele ya Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 inarudia hoja kwa upole zaidi: neema ya Ubatizo ni zawadi ya bure, na haisubiri idhini ya aliyeipokea ndipo ianze kufanya kazi.

Kwa kipimo hicho, wafasiri wa Kiswahili walichagua vizuri. Lingeweza kutumika *uthibitisho*, na lingeonekana karibu zaidi na Kilatini. Wakatoliki wanaosali kwa Kiarabu huiita sakramenti hii *tathbit*, kutoka mzizi uleule uliozaa *thabiti* na *thibitisha*. Lakini katika Kiarabu *tathbit* bado hubeba wazo la kukita na kusimika, ilhali *kuthibitisha* kwa Kiswahili kumehamia kwenye ushahidi na nyaraka: huthibitishwa habari, miadi, uteuzi. Sakramenti yenye jina hilo ingesikika kama mhuri wa ofisi juu ya cheti cha ubatizo.

Hata hivyo jina halimalizi ubishi peke yake. Walutheri wa Tanzania nao husema kipaimara, wakimaanisha ibada ambayo kijana, baada ya mafundisho ya muda mrefu, huikiri imani mbele ya usharika na kuombewa. Kwao si sakramenti. Neno ni moja, mafundisho ni mawili.

Kuna pia ambacho kipaimara hakisemi. Uimara huelekeza fikra kwenye mapambano, na katekesi ya zamani ilikazia hapo: mwimarishwa alifundishwa kuwa askari wa Kristo, na askofu alimpiga kofi dogo shavuni, desturi iliyoingia Enzi za Kati na ambayo wazee wengi bado wanaikumbuka. Kofi hilo halimo katika maadhimisho mapya yaliyotolewa baada ya hati ya Papa Paulo VI ya tarehe 15 Agosti 1971. Badiliko kubwa zaidi lilikuwa katika maneno yenyewe. Kanuni ya zamani ya Kilatini ilikuwa na kitenzi *confirmo*, nakuimarisha. Ile mpya, iliyochukuliwa kutoka liturujia ya Bizanti, haina. Inataja mhuri, unaomaanisha alama isiyofutika rohoni, ndiyo maana sakramenti hii, kama Ubatizo na Daraja, haitolewi mara mbili. Inataja pia paji, ambalo ni Roho Mtakatifu mwenyewe. Yale mapaji saba yanayokaririwa katika mafundisho, kuanzia hekima hadi uchaji wa Mungu, hutokana na paji hilo moja. Kwa Kiswahili *paji* la Roho hupakwa katika *paji* la uso. Kufanana huko si hoja ya kiteolojia, ila ni msaada mkubwa kwa katekista.

Tangu 1971, basi, jina la sakramenti na maneno yake hayasemi kitu kilekile: jina linataja tunda, maneno yanataja zawadi. Asomaye *-pa* katika kipaimara huipata zawadi. Asomaye *imara* peke yake hubaki na nusu.

Mhudumu wa kawaida katika Kanisa la Kilatini amebaki askofu, lakini padre anaruhusiwa kisheria mtu anapokuwa katika hatari ya kufa, au anapombatiza mtu mzima, kwa mfano katika Kesha la Pasaka, ambapo sakramenti zote tatu hutolewa kwa utaratibu wake wa asili. Kwa waliobatizwa wachanga utaratibu huo umegeuka katika majimbo mengi tangu Papa Pius X, mwaka 1910, alipowafungulia watoto wa miaka ipatayo saba njia ya Komunyo ya kwanza bila kugusa umri wa Kipaimara. Sheria ya Kanisa ya 1983 inataja umri wa kupambanua mambo, na kuyaachia mabaraza ya maaskofu nafasi ya kuweka umri mwingine.