Kibarua na Siku Zake: Kazi na Nyumba katika Historia ya Mombasa



Kijana wetu akiambiwa kwamba babu yake alikuwa kibarua wa bandarini, huenda akaona haya, kwani neno hilo limeshuka hadhi. Asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Nimeona heri tulitazame upya, kwa kuwa lina habari ya namna wazee wetu walivyopatanisha kazi na nyumba.

Gati za kwanza za maji ya kina zilifunguliwa Kilindini mwaka 1926. Kazi ilikuja na meli: leo walitakiwa watu wengi, kesho wachache. Kwa hiyo kampuni za shehena ziliajiri asubuhi na kulipa kwa siku. Mpango huo uliwafaa wenye kampuni, lakini uliwafaa pia wenyeji wengi wa pwani. Mtu aliyekuwa na shamba au mtego wa samaki alishuka gatini alipohitaji fedha. Ikifika Ramadhani, arusi au maziko, alibaki na watu wake, wala hakuomba ruhusa kwa mtu. Alijinyima ujira ili apate siku.

Hata hivyo tusiipambe mno picha hiyo. Siku ambazo kibarua hakwenda kazini zilibebwa na mwanamke aliyesuka makuti, akauza mahamri na kulea watoto. Hiari ya mume ilisimama juu ya jasho la mke, na yeye hakuwa na cheti wala hesabu ya siku.

Wafanyakazi wengi waliotoka bara walikuwa na shida ya namna nyingine. Walilipwa kile kilichoitwa mshahara wa kapera, kwa maana mwajiri alihesabu chakula, kitanda na nguo za mtu mmoja tu. Mke na watoto walidhaniwa kuwa wanajilisha kwa jembe huko kijijini. Chumba kimoja mjini kililaza wanaume kadhaa, na baba akawa mgeni kwa wanawe.

Ndipo zikafuatana migomo ya 1934, 1939 na 1947. Mgomo ulioanza tarehe 13 Januari 1947 uliwahusu watu wapatao 15,000, wa bandari, reli, hoteli na hata watumishi wa majumbani. Mahali walipokutana wakapaita Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia akatokea kuwa kiongozi wao. Walidai mshahara, lakini nyuma ya mshahara palikuwa na dai la kuishi na jamaa zao. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa kapera haufai, ikapendekeza upandishwe hatua kwa hatua hadi umtosheleze mtu na ahali yake.

Ulikuwa ushindi mkubwa, walakini ulikuja na masharti. Katika miaka hiyo hiyo idadi ya vibarua walioandikishwa bandarini iliwekewa kikomo, na asiyefika kazini siku za kutosha aliweza kufutwa. Mtu aliyewahi kuchagua siku zake sasa aliitwa mvivu. Kwa maneno mengine, mfanyakazi aliahidiwa mshahara wa baba, kisha akadaiwa muda wa kapera.

Sisi tulioingia baadaye katika ofisi za serikali tulirithi mpango huo pamoja na likizo yake na pensheni yake. Siudharau hata kidogo, maana uhakika wa mwisho wa mwezi umesomesha watoto wengi. Lakini ridhaa ya mtu katika kazi ina nguzo mbili, ujira na siku, na kila kizazi kimepata moja kwa kuipunguza nyingine.

Hapa Uingereza naona baadhi ya vijana wetu wakikosa zote mbili. Wana mikataba isiyoahidi hata saa moja ya kazi, na zamu hutangazwa kwa simu usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mke arudipo kutoka zamu ya usiku, mume yuko mlangoni akitoka. Kibarua amerudi, ila hiari ya kuchagua siku imebaki kwa mwajiri.

Sheria ina msaada kiasi. Tangu 2003 wazazi wenye watoto wadogo waliruhusiwa kuomba mpango wa saa unaowafaa. Mwaka 2014 haki hiyo ilienezwa kwa waajiriwa wengine waliotimiza wiki 26 kazini, na tangu Aprili 2024 mwajiriwa aweza kuomba tangu siku ya kwanza. Ni haki ya kuomba, si ya kupewa, na wengi wanaotumwa kazini na mawakala hawaipati. Hata hivyo asiyeomba hujibiwa nini?

Lililobaki ni letu. Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Napendekeza tarehe ya mkutano wetu itangazwe mwaka mzima kabla, ili mwenye zamu awahi kuomba ruhusa. Napendekeza pia wastaafu tuandikishane majina, kila mmoja ataje siku awezayo kukaa na wajukuu wa ukoo, wawe wake au wa ndugu yake. Mimi nimekwisha kuandika Jumanne na Alhamisi.

Wabillahi tawfiq.